Maji Haya ni ya Wapi? Kuishi Kwenye Trela Majira ya Baridi

Watu wanaofikiria kuhamia kwenye trela huniuliza kwanza habari ya baridi. Mnalalaje? Watoto hawapati vichomi? Ni swali la haki, lakini baridi ina dawa zake: gesi, blanketi nzito, soksi za sufi, uji wa moto asubuhi. Kinachoua trela ni maji. Niliwahi kukaribishwa kwenye trela ya familia moja, bado changa, rangi inang'aa, nikakanyaga karibu na mlango wa bafu na sakafu ikabonyea kama andazi lililochovywa kwenye chai. Wenyewe walishazoea. Walitandika zulia dogo juu yake na kuwaambia watoto wapite pembeni.

Ninaandika kwa ajili ya familia kama hiyo, na kwa wenzangu wa kazi. Mimi ni muuguzi wa mikataba. Hospitali hutuita pale zinapopungukiwa na watu, mkataba wa kawaida ni wiki 13, ukiisha unafunga virago unakwenda jimbo jingine. Kupanga nyumba kwa muda mfupi hivyo ni ghali, na wenye nyumba wengi hawataki mpangaji wa miezi mitatu. Ndiyo maana mimi na mume wangu tunavuta trela, hizi ambazo Wamarekani huziita RV. Safari hii tuko mashariki mwa Iowa, kwenye kambi inayofunguliwa mwaka mzima. Kwa Mswahili si mahali pa upweke. Cedar Rapids na Des Moines zina Wakongo na Warundi wengi, ukiingia duka la vyakula vyetu kutafuta sembe unasalimiwa kwa Kiswahili kabla hujavua kofia. Siku hizi miongoni mwao wapo walionunua trela kuukuu ili kukimbia kodi za nyumba. Wananunua wakati wa kiangazi, kila kitu kinafanya kazi, kisha Novemba inaingia.

Cha kwanza kuelewa ni kwamba trela haijajengwa kama nyumba. Sehemu kubwa ya trela za Marekani hutoka Elkhart, Indiana, na miji ya jirani, na zinaundwa ziwe nyepesi ili gari liweze kuzivuta. Nguzo za ukuta ni vibao vyembamba vya mbao au fremu ya alumini. Upande wa ndani kuna plaiwudi nyembamba sana, nje kuna bati au fiberglasi iliyogundishwa, na katikati pamebaki nafasi ndogo ya kuweka kizuia baridi. Paa limetobolewa kila mahali: feni, kiyoyozi, antena, bomba la kutolea hewa ya choo. Kila tundu linalindwa na skrubu na sili tu, yaani gundi ya kuzibia. Halafu jengo hilo zima linavutwa kilomita 100 kwa saa kwenye barabara zenye mashimo, linatikisika kwa saa nane, na jioni unatarajia lisivuje.

Kuna trela zinazouzwa kwa maneno kwamba zinafaa kwa misimu yote minne. Msiyategemee maneno hayo. Hakuna kipimo kimoja cha kisheria kinachosema trela ya misimu minne lazima ivumilie nyuzi ngapi, kila kiwanda kinatumia sifa hiyo kinavyoona. Lala chini kwenye kadibodi, chungulia chini ya trela, uone kama mabomba na matangi yamefunikwa au yananing'inia wazi. Dakika tano za kuchafua koti zitakwambia mengi kuliko muuzaji.

Sasa tuje kwenye maji yenyewe. Ukikuta sakafu imelowa mwezi wa Januari, usikimbilie sili. Jiulize kwanza maji haya ni ya wapi. Yanaweza kuwa ya bomba. Yanaweza kuwa ya paa. Yanaweza pia kuwa yenu wenyewe, yaani pumzi zenu na mvuke wa masufuria. Kila moja lina tiba yake, na tiba ya moja haisaidii jingine. Hapa kambini kuna jirani aliyeona matone yakishuka kwenye dirisha na kona ya dari, akaamini mvua inaingia, akaziba kila upenyo wa hewa kwa tepu na plastiki. Maji yale yalikuwa mvuke wa ndani. Baada ya kuziba, mvuke ulikosa pa kutokea, na kabla mwezi haujaisha godoro lake lilikuwa na ukungu mweusi upande wa chini.

Nianze na bomba, maana ndilo linalotisha zaidi na ndilo lenye dalili za wazi zaidi ukijua kusikiliza.

Trela nyingi zina pampu ndogo ya volti 12 inayovuta maji kutoka tangi la maji safi. Presha ya mabomba ikifika kiwango chake, kwenye pampu nyingi ni psi 45 hadi 55 (psi ni kipimo cha presha, kama cha tairi), pampu inajizima. Presha ikishuka, inajiwasha. Huyo ndiye askari wako wa bure. Funga maji ya kambi, washa pampu, iache ijaze mabomba mpaka inyamaze, kisha asiguse mtu koki wala choo. Ikinguruma tena sekunde moja mbili wakati hakuna aliyefungua kitu, maji yanatoka mahali. Tofauti ni moja tu: wakati mwingine valvu ya ndani ya pampu imechoka na maji yanarudi kimyakimya tangini. Kwa hiyo pampu ikinguruma na husikii wala huoni unyevu popote, ichunguze yenyewe kabla hujaanza kubomoa kabati.

Yetu ilianza kunguruma hivyo siku ya jua zuri, baada ya juma la baridi kali. Jambo hili huwachanganya wengi. Kwa nini bomba livuje siku ambayo barafu inayeyuka, na si siku ile ya baridi yenyewe? Maji yakiganda hujitanua kwa karibu asilimia 9. Kwenye bomba, barafu huanza mahali pamoja na kujenga kizibo, kisha inazidi kukua na kuyasukuma maji yaliyobaki kati ya kizibo na koki iliyofungwa. Maji hayo hayana pa kwenda. Presha inapanda mpaka kitu dhaifu kuliko vyote kipasuke, na mara nyingi kitu hicho kiko mbali na pale palipoganda. Wakati huohuo barafu ileile imeziba njia, kwa hiyo hakuna tone linaloonekana. Jua likitoka, kizibo kinayeyuka, na hapo ndipo mnaletewa habari.

Mabomba ya trela za siku hizi ni ya plastiki ya PEX, mekundu kwa maji moto na ya buluu kwa baridi, na yenyewe yana uvumilivu mkubwa, yanaweza kutanuka na kurudi. Vinavyovunjika ni viungo: elbo (viungo vya kona) za plastiki, nati za plastiki, valvu ya choo, kikombe cha chujio mbele ya pampu. Ukisikia mtu akisema bomba limepasuka, mara nyingi bomba ni zima na kiungo chake ndicho kimekufa.

Nilimpigia simu fundi mmoja wa Bukavu anayeishi Cedar Rapids. Ni fundi bomba kwa kazi, lakini uvujaji anasema aliujulia kwenye mapaa, baada ya ile dhoruba ya upepo ya Agosti 10, 2020 iliyong'oa mapaa ya nyumba nyingi mjini kwao na kumpa kazi ya kufuatilia maji ndani ya kuta za watu kwa miezi. Alipofika, maji yalikuwa yanaonekana chini ya sinki la jikoni. Hakugusa sinki.

"Mama, tusifungue kitu kwanza. Tusikilize."

"Lakini kaka, maji si haya hapa?"

"Hapa yanaonekana tu, mama. Pa kutokea ni kwingine."

Akayamwaga maji yote ya mabomba kupitia vile vibomba viwili vya chini kabisa, chekundu na buluu, ambavyo trela nyingi zinavyo kwa ajili hiyo. Akalifungua hita la maji nalo likamwagika. Kisha akachomeka kishikizo cha shaba mahali tunapounganisha mpira wa maji ya kambi, akafunga pampu ndogo ya kujazia upepo tairi, akaweka hewa ya psi 30 hivi. Tukazima friji. Tukazima hita ya gesi. Mume wangu akawatoa watoto nje. Trela ikawa kimya, na katika kimya kile tukasikia sauti nyembamba ya hewa ikipenya upande wa pili kabisa, mbali na sinki, nyuma ya kile kijisanduku cha bafu la nje ambacho watu hutumia kiangazi kuoshea miguu na mbwa. Fundi akapaka povu la sabuni kwenye elbo moja nyeusi. Povu likafura. Ufa wenyewe usingeuona kwa macho, mpaka upitishe ukucha juu yake ndipo unakwaruza kidogo.

Maji yalikuwa yanatoka pale, yanateleza chini ya ukuta juu ya plastiki ya sakafu, na kwa kuwa trela ilikuwa imeinama kidogo upande wa jikoni, yalisafiri upana wote wa chumba na kuibukia chini ya sinki. Kama tungefuata macho, tungebomoa kabati zima na kubadilisha viungo vizima. Elbo ya shaba iliyochukua nafasi yake iliuzwa dola chache.

Bafu hilo la nje ndilo kitu cha kwanza ninachowaambia watu sasa. Liko upande wa nje wa ukuta, nyuma ya kifuniko cha plastiki, halipati joto lolote, na watu husahau kwamba lina maji muda wote. Kama kuna valvu ya kulifungia kutoka ndani, lifunge na ulimwage tangu Oktoba. Kama haipo, jaza kile kijisanduku kwa sponji au matambara makavu, na fundi akija kwa jambo jingine mwombe aweke valvu.

Baada ya kujua kilichovunjika, bado kuna swali la kwa nini kiliganda, na hapa ndipo ninapogombana na wapangaji wenzangu karibu kila kambi. Gesi ni ghali. Mtungi wa kilo 13 na ushei unaweza usimalize siku mbili kwenye baridi ya kweli. Umeme mara nyingi umo ndani ya kodi ya kambi. Basi watu wanazima hita ya gesi na kuwasha vihita vya umeme viwili, chumba kinakuwa cha moto vizuri, wanashukuru Mungu wanalala. Asubuhi maji hayatoki.

Hita ya gesi ya trela haipashi joto chumba tu. Kwenye trela nyingi zinazostahili baridi, mfereji mmoja wa hewa moto huelekezwa chini ya sakafu, ndani ya ule uvungu uliofunikwa ambamo mabomba na matangi yamelala. Hita ikiwaka, uvungu unapata joto. Kihita cha umeme kikikufikisha kwenye joto unalotaka, kidhibiti joto cha gesi kinaona kazi imekwisha na hita haiwaki tena. Wewe uko kwenye nyuzi 22, mabomba yako chini ya 0. Na nguvu zake haziko sawa: kihita cha wati 1,500 kinatoa takriban BTU 5,100 (BTU ni kipimo cha joto) kwa saa, hita ya gesi ya trela ya wastani ina BTU 30,000 hivi. Tumia vyote viwili ukitaka kuokoa gesi, sina ugomvi, ila hakikisha hita ya gesi inawaka mara kwa mara usiku kucha. Usibahatishe. Nunua kipimajoto kidogo kisichotumia waya, kile chenye kihisi cha kuweka mbali, kihisi ukiweke uvunguni karibu na pampu. Ukiona kinashuka kuelekea nyuzi 3, pandisha gesi. Kwa kazi ninayofanya nimezoea kupima kabla ya kutibu, na hiki ndicho kifaa ambacho nisingekubali kulala bila nacho.

Usiku wa baridi ya kupindukia gesi nayo ina mipaka yake. Januari 31, 2019 mji wa Moline, ng'ambo ya mto Mississippi, ulishuka hadi nyuzi -36. Propani, yaani gesi hii ya mtungi, huchemka kwa nyuzi -42, kwa hiyo kwenye baridi kama ile mtungi unatoa gesi kwa unyonge sana, na mtungi uliokaribia kuisha unashindwa kabisa. Ikitabiriwa baridi ya namna hiyo, jaza mitungi yote mapema.

Kinachosaidia zaidi ya vyote ni kuzungushia trela sketi, yaani kufunika ile nafasi kati ya sakafu na ardhi pande zote ili upepo usipite chini. Sisi tunatumia vibao vya povu gumu la buluu, lile la kujengea, unavikata kwa kisu na kuviunganisha kwa tepu. Acha wazi mahali hita inapotolea moshi, na usifungie mtungi wa gesi humo ndani. King'ora cha kaboni monoksaidi kiwe na betri nzima. Nimepokea wagonjwa wa moshi huo hospitalini. Wanafika wakilalamika kichwa tu na kichefuchefu, wanadhani ni mafua. Kwa sababu hiyohiyo, jiko la gesi halitumiki kupashia chumba joto, hata kwa dakika chache, hata kama mtoto analia baridi.

Mpira wa maji wa kawaida ukiuacha nje usiku unakuwa fimbo ya barafu. Wapo wanaonunua mpira wenye waya wa umeme wa kuupasha joto, na unafanya kazi. Lakini hata ukiwa nao, koki ya kambi yenyewe inaweza kuganda. Njia ninayoipenda ni rahisi: mchana jaza tangi la ndani, chomoa mpira, mwaga maji yake, uweke ndani, tumia pampu. Tangi liko uvunguni kwenye joto, na pampu inaendelea na ulinzi wake. Faida nyingine ni kwamba presha ya kambi, ambayo mahali pengine inazidi psi 100, haibaki imekaa kwenye viungo vyako usiku kucha. Ukilazimika kubaki umeunganishwa, weka kipunguza presha.

Kuna ushauri ambao kila Mmarekani mwenye nyumba atakupa: acha koki idondoshe matone usiku ili maji yasigande. Kwenye nyumba unasaidia. Kwenye trela matone hayo yanaingia tangi la maji machafu na kulijaza. Ukiacha valvu ya tangi wazi ili yatoke, yanapita kwenye mpira wa maji machafu nje, membamba na ya polepole, yanaganda tabaka juu ya tabaka mpaka mpira wote ni nguzo ya barafu na maji yanarudi kwenye bafu lako. Funga valvu. Subiri tangi lijae, limwage kwa mkupuo mmoja, rudisha mpira mahali pake.

Maji ya aina ya pili, yaliyo yenu wenyewe, hayana kelele. Mtu mzima hutoa maji kwa pumzi na jasho usiku kucha, na mkiwa wanne kwenye chumba cha ukubwa wa kontena mnajaza hewa haraka. Ongeza maharage yaliyochemka saa mbili. Ongeza na gesi yenyewe: ukichoma kilo 1 ya propani kwenye jiko la wazi, unapata takriban kilo 1.6 za maji kama mvuke. Hita ya gesi hutupa mvuke wake nje kupitia bomba lake, jiko linauacha ndani. Sisi watu wa kuchemsha, wa makande na mihogo na supu ya ng'ombe ya kuanzia asubuhi, tunatengeneza mvua ndani ya nyumba.

Mvuke huo unatafuta mahali pa baridi kuliko pote: kioo, skrubu za dari, nyuma ya kabati la nguo, chini ya godoro. Kuutofautisha na uvujaji si kazi kubwa. Kausha pale palipolowa, ubandike kipande cha karatasi ya plastiki, pande zote nne kwa tepu, kisha usubiri mpaka kesho. Unyevu ukiwa juu ya plastiki, upande wenu, ni mvuke wa chumbani. Ukiwa chini ya plastiki, unatoka ukutani, na hapo una kazi kubwa zaidi. Angalia pia wakati: matone yanayokuja alfajiri na kuisha adhuhuri kila siku, kuwe na jua au theluji, ni pumzi zenu.

Tiba yake inaonekana kama upumbavu kwa mtu aliyetoka nje kwenye nyuzi -20: fungua upenyo. Feni ya jikoni iwake kila mnapopika, tundu la paa liachwe wazi kidogo hata usiku, sufuria zifunikwe. Milango ya makabati iachwe wazi mnapolala ili hewa moto iingie. Chini ya godoro weka kitu cha kulinyanyua, chaga za mbao zinatosha. Kama uwezo upo, mashine ndogo ya kunyonya unyevu itawashangaza kwa maji inayojaza. Nguo zikaushwe kwenye dobi la kambi. Nasisitiza hili la nguo kwa sababu najua tulivyo, na kamba ya kuanikia juu ya kitanda nimeiona kwenye trela nyingi za kwetu, na watoto wa trela hizo ndio wanaokohoa.

Paa ni jambo gumu kuliko yote wakati huu, kwa sababu unaweza kujua kosa liko wapi na usiweze kulirekebisha mpaka Aprili. Theluji inalala juu, joto la ndani linapenya na kuyeyusha tabaka la chini, maji yanatiririka hadi ukingoni ambako hakuna joto, yanaganda tena. Ukingo wa barafu unajengeka, na maji yanayofuata yanasimama nyuma yake kama bwawa. Paa la trela halikukusudiwa kusimamisha maji. Yakipata sili iliyopasuka kando ya feni, yanaingia, yanafuata mbao, na kutokea kwenye kona ya chumba cha kulala wakati tundu liko bafuni. Dalili ni doa la kahawia lenye ukingo, au karatasi ya ukuta inayovimba, na linakua siku za kuyeyuka.

Ondoa theluji kwa ufagio laini ukiwa umesimama kwenye ngazi, si kwa koleo wala kwa kugonga barafu, maana paa lenyewe ni ngozi nyembamba ya mpira. Usipande juu. Sili nyingi hazishiki kwenye baridi hii, ukizipaka zinakaa juu kama kamasi na kung'oka. Zipo tepu za kuzibia paa zilizotengenezwa kushika hata chini ya 0, ilimradi mahali pawe pasafi na pakavu kabisa, kwa hiyo unasubiri siku ya jua, unafuta, unakausha kwa mashine ya nywele, ndipo unabandika. Hicho ni kiraka cha kukufikisha kwenye masika. Turubai nalo linasaidia kama limefungwa lisipigwe na upepo. Likipigwa, linalisugua paa mpaka kulitoboa.

Chochote kilichovuja, kukausha ni kazi ya siku hiyohiyo. Ukungu unaweza kuanza ndani ya saa 24 hadi 48. Kabla hujagusa chochote kilicholowa, zima umeme kwenye kisanduku cha fyuzi, maana nyaya za trela zinapita mahali palepale yanapopita mabomba. Nyanyua kapeti, toa droo, elekeza feni kwenye tundu, na kama plaiwudi ya chini ya kabati imelowa, toboa matundu hewa ipite. Sponji ya ukutani iliyolowa haikauki, itoe. Kwenye trela za fiberglasi, ukiona ukuta wa nje unafura kama lengelenge, gundi imeachia ndani na maji yamekaa muda mrefu. Hilo halirekebishwi kwa feni.

Msidhani haya ni ya kaskazini peke yake. Februari 2021 Texas iliganda, umeme ukakatika, na mabomba yakapasuka jimbo zima, kwenye nyumba za kawaida na kwenye trela. Mtu wa Houston ana hatari yake mwenyewe: trela yake mara nyingi haina uvungu uliofunikwa wala sketi. Kwake njia salama ni kumwaga maji yote mara utabiri unapotaja baridi kali. Ukiiacha trela bila mtu, mwaga mabomba na hita la maji, kisha pitisha dawa ya kuzuia kuganda ya rangi ya waridi, ile ya propilini glaikoli inayouzwa kwa ajili ya trela, mpaka itoke ya waridi kwenye kila koki, chooni na kwenye bafu la nje. Ile ya injini ya gari, ambayo mara nyingi ni ya kijani, ni ya ethilini glaikoli, ni sumu ya figo na ina ladha tamu. Isiingie kamwe kwenye mabomba ya maji ya kunywa.

Kuhusu bima, soma mkataba wako leo, usisubiri maji. Bima nyingi hulipa kitu kilichotokea ghafla, lakini hazilipi uvujaji wa polepole wala mgando uliotokea kwa sababu mwenye mali hakujihami. Picha zitakusaidia: sketi, kipimajoto, risiti za gesi, sili za paa kila vuli.

Na kama unanunua trela kuukuu, nenda siku ya mvua, au siku theluji inayeyuka. Muuzaji atakuomba uje Jumamosi yenye jua, wewe ng'ang'ania. Vua viatu, utembee taratibu kwa soksi kuzunguka choo, bafu na mlango, ukisikiliza nyayo zako. Fungua kila kabati la juu, pitisha kiganja kwenye kona. Bonyeza ukuta chini ya kila dirisha kwa kidole gumba. Mwambie awashe pampu na kisha mnyamaze wote wawili, dakika kumi, hata kama anaanza kuhadithia. Kipimo cha unyevu cha sindano mbili kinauzwa bei ndogo, kichomeke mahali pasipoonekana, ndani ya kabati. Ukikuta zulia dogo limetandikwa karibu na mlango wa bafu, linyanyue.